Redyusa fupi, kokoto kubwa: fundi wa pampu anajibu barua zenu

Mwezi uliopita niliandika juu ya saruji ya kazi ya ghorofa, na mwishoni nikataja pampu kwa mstari mmoja tu. Mstari huo ndio ulioniletea barua nyingi, na karibu zote zinauliza juu ya mabomba. Nimefurahi, maana watu wengi wakinunua pampu humaliza fedha kwenye mashine, halafu mabomba, kona, redyusa (kipande kinachoanza kipana na kuishia chembamba) na klampu (pingu ya chuma inayounganisha mabomba) wanaokoteza popote.

Kwa msomaji mgeni: nimeendesha pampu za zege hapa Dar es Salaam tangu enzi ambazo saiti nyingi za Upanga na Kariakoo zege lilipanda kwa karai, mkono kwa mkono, juu ya ngazi za mirunda. Pampu ninayoizungumzia leo ni ile ya kukokotwa na gari, inayosukuma zege kupitia mabomba yaliyolazwa chini. Si ile ya mkono mrefu unaokunjuka juu ya lori. Kwenye mitaa yetu lori la mkono mara nyingi halina pa kutanua miguu yake, na nyaya za umeme ziko juu ya kichwa. Bomba la chini hupita uani kwa jirani, likakunja kona ya choo, likafika.

Swali: Tumekaba mara nne pale pale

*Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Goba. Tumechanga watu watatu tukanunua pampu ya zege iliyotumika, mdomo wake milimita 125. Mabomba tuliyopata kwa bei nafuu ni ya milimita 75, kwa hiyo tukatafuta kwenye maduka ya Gerezani redyusa ya kutoka 125 kwenda 75. Urefu wake ni kama futi moja. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa slabu Mbezi Beach, tukitumia kokoto ya robo tatu inchi. Zege lilikaba mara nne, na mara zote nne ni kwenye redyusa. Fundi wa saiti anasema pampu ni mbovu. Aliyetuuzia pampu anasema zege lilikuwa kavu. Tumshike nani?*

Marahaba, mwanangu. Msimshike mtu bado. Pampu ikiwa mbovu, zege hukaba popote. Likikaba mara nne sehemu moja, basi hapo hapo ndipo penye ugonjwa.

Zege ndani ya bomba haliendi kama maji. Linakwenda kama gogo moja nene, na pembeni yake kuna utando mwembamba wa uji wa saruji na mchanga laini unaolifanya liteleze kwenye ukuta. Bomba likinyooka na kipenyo kikibaki kile kile, gogo linasafiri kwa amani. Likifika kwenye redyusa, gogo hilo lazima livunjwe na kuumbwa upya liwe jembamba. Kila kokoto inatafuta nafasi mpya, na zote zinaitafuta kwa wakati mmoja.

Sasa tazama mliyoyafanya. Kutoka milimita 125 kwenda 75, nafasi ya kupita inabaki zaidi kidogo ya theluthi moja. Zege lile lile, kwa dakika ile ile, lazima litoke upande wa pili kwa mwendo wa karibu mara 2.8. Na ninyi mmelipatia zege sentimita 30 tu za kufanyia kazi yote hiyo. Ukuta unaingia ndani milimita 25 kila upande ndani ya futi moja. Kokoto za pembeni zinagonga ule mteremko, zinarudi katikati, zinakutana na wenzao. Pampu inaendelea kusukuma. Uji wa saruji kwa kuwa ni laini unapenya mbele, na kokoto zinabaki nyuma bila kilainishi.

Nimefungua redyusa za namna hiyo mara nyingi, na ndani huwa vile vile kila mara. Ukiangalia kutoka upande mwembamba unaona kokoto kavu, safi kama zilizooshwa, zimeegemeana kwa umbo la upinde, mgongo umeelekea pampu. Ukizisukuma kwa kidole hazitikisiki. Ukizigonga kwa ncha ya nondo kutoka upande huu mwembamba, jiwe moja la katikati linaanguka nyuma, na mengine yote yanamwagika kama mchele kutoka gunia lililokatwa kamba. Nyuma ya upinde huo, kiganja kimoja tu ndani, unakuta zege zuri kabisa, bichi, linang'aa. Ndiyo maana simwamini haraka anayesema zege lilikuwa kavu. Lile mnaloliona kavu limekaushiwa hapo hapo.

Lipo la pili, na hili ndilo naomba mlishike kuliko yote. Ninyi mlianza na bomba, kisha mkatafuta redyusa, kisha mkapokea kokoto iliyokuja. Njia sahihi inaanzia upande wa pili. Anza na kokoto. Kokoto iliyopondwa, yenye kingo kali kama hii inayotoka Lugoba, inataka bomba ambalo kipenyo chake cha ndani, pale palipo pembamba kuliko kote, ni angalau mara 3 ya jiwe kubwa kabisa. Changarawe ya mviringo ya mtoni inavumilia kidogo zaidi, mara 2.5, lakini sisi hapa tunamwaga kokoto ya kupondwa. Robo tatu ni kama milimita 20. Mara 3 ni 60. Kwa karatasi, bomba lenu la 75 linatosha.

Lakini karatasi haichekechi kokoto. Kwenye lori la robo tatu mnakuta mawe ya 25, ya 28, na mara nyingine bapa refu kama ulimi. Jiwe la 28 linataka bomba la 84. Hapo 75 imeshindwa. Kata kipande cha bati, toboa tundu la milimita 25, tembea nalo. Lori likimwaga, chota ndoo tatu sehemu tofauti za rundo na uchague kwa macho yale makubwa. Mawe mawili matatu kwenye ndoo nzima yakigoma kupita tunduni, usiruhusu mzigo huo uingie kwenye bomba la 75, hata mwenye nyumba akikasirika. Akikasirika leo ni afadhali kuliko kukasirika slabu ikiwa nusu na jua limeshapanda.

Ushauri wangu: tafuteni mabomba ya milimita 100 kwa kazi za slabu. Najua mmeshatumia fedha. Hayo ya 75 msiyauze, yatawafaa kwa kazi ya kokoto ya nusu inchi: mikanda, nguzo nyembamba, kujaza matofali. Kwa robo tatu, nendeni na 100 mpaka mwisho, hosi nayo iwe 100. Nafasi ya kupita kutoka 125 kwenda 100 inapungua pia, mwendo unapanda mara 1.56, lakini hatua hiyo zege linaiweza likipewa urefu.

Urefu kiasi gani? Mimi kwa hatua ya 125 kwenda 100 sinunui redyusa iliyo chini ya mita moja. Ukuta wake unaingia ndani milimita 12 na nusu tu ndani ya mita nzima, na ukiweka kiganja humo huwezi kusema mteremko unaanzia wapi. Kama lazima mshuke hadi 75 kwa kazi ya nusu inchi, shukeni kwa redyusa mbili ndefu na katikati yake muweke bomba moja lililonyooka, zege lipumue. Futi moja kwa safari yote hiyo hapana.

Pa kuiweka: karibu na pampu, chini, mahali mnapofikia kwa spana bila kupanda. Baada yake liwe bomba lililonyooka, mita 3, ndipo kona ije. Redyusa ikifuatiwa na kona papo hapo, zege linapigwa mara mbili kabla halijatulia. Nimeona pia vijana wanaofunga redyusa mwishoni kabisa, hosi ikaning'inia moja kwa moja kwenye mdomo wake. Hosi inajikunja hapo hapo kwa uzito wake na inakaba. Na msichanganye vipenyo njiani: 100, halafu 125 kwa sababu bomba lilipungua, halafu 100 tena. Mahali penye upana zege linapunguza mwendo na linaacha kokoto chini, kisha mnalilazimisha kujibana tena.

Mkienda kununua, msinunue kwa macho ya dukani. Nitawaambia ninavyofanya mimi. Kwanza naingiza mkono ndani na kupitisha vidole polepole mzunguko mzima. Redyusa nyingi za mtaani hukunjwa kutoka kwenye bati nene na kuchomelewa, na mshono ukiwa haujasagwa, unabaki tuta ndani kama kovu. Tuta la milimita 3 linatosha kusimamisha jiwe la kwanza, na jiwe la kwanza linasimamisha la pili. Kisha naishika juu, naangalia mwanga kutoka upande wa pili: duara la ndani linatakiwa liwe katikati ya duara la nje. Kisha naigonga kwa funguo kutoka mdomo mpana kwenda mwembamba. Chuma nene hutoa sauti ya kengele fupi, palipolika hutoa sauti ya debe. Redyusa hulika haraka kuliko bomba kwa sababu zege linaisugua kwa pembe, na hulika zaidi karibu na mdomo mwembamba. Mwisho natoa kalipa, kile kipimo cha kubana, na kupima midomo yote miwili, unene na kipenyo, na kulinganisha na klampu niliyokuja nayo mfukoni. Siamini klampu ya muuzaji, naja na yangu.

Na kabla ya zege la kwanza, lainisheni bomba. Mimina uji mzito wa saruji kwenye hopa, lile beseni la pampu linalopokea zege, tangulizeni kipande cha sponji kilicholowa ndani ya bomba ili uji usikimbie mbele peke yake. Uji huo ukitoka upande wa pili, upokeeni kwenye ndoo au karai na muutupe nje ya fomu, yale mbao yanayoshikilia zege bichi. Usiende kwenye nguzo wala slabu.

Swali: Nalipia zege linalobaki bombani?

*Habari za kazi, fundi. Ninajenga Kigamboni, nyumba yangu iko nyuma ya nyumba ya dada yangu. Lori la mixa linaishia barabarani. Mwenye pampu amepima mita 54 za bomba la milimita 100, kona tatu, halafu hosi ya mita 6. Slabu iko juu mita 3 na nusu. Anataka niagize nusu mita ya ujazo zaidi ya hesabu ya mhandisi, anasema ni ya kujaza bomba. Mimi ni mjane, kila mfuko nauhesabu. Je, ananidanganya?*

Nzuri, mama, na pole na ujenzi. Hakudanganyi. Bomba la milimita 100 linabeba karibu lita 8 za zege kwa kila mita. Mita 54 na hosi yako ya mita 6 ni mita 60, na 60 mara 8 ni lita 480, yaani nusu mita ya ujazo kasoro kidogo. Angekuja na bomba la 125 ungehesabu lita 12 kwa mita, na hapo ingekuwa zaidi ya lita 700. Kwa hiyo amekuchagulia vizuri.

Ila muulize atasafishaje. Mwendeshaji mjuzi akimaliza huweka mpira wa sponji upande wa pampu na kuusukuma kwa maji kuelekea mbele, na sehemu kubwa ya hilo zege hufika kwenye slabu. Hapo agizo lako la mwisho linaweza kupungua, mkikubaliana mapema nani anasimama mwisho wa bomba kuangalia maji yasije juu ya zege bichi. Akikuambia atasafisha kwa upepo wa kompresa, mkatalie. Uani kwa dada yako kuna watoto, na ule mpira ukitoka kwa upepo unatoka kama jiwe la manati. Kazi hiyo inataka kikapu cha chuma cha kuudakia na watu wote wawe mbali.

Hesabu nyingine ya kumuuliza ni ya nguvu. Kwa pampu, mita si zote sawa. Kona moja ya nyuzi 90 tunaihesabu kama mita 3 za bomba lililonyooka. Hosi ya mpira inakwamisha zege kuliko chuma, kila mita yake tunaihesabu 3. Kwa hiyo kona tatu ni mita 9, hosi ni 18, na pamoja na 54 zako pampu inaona mita 81. Kupanda mita 3 na nusu kunaongeza presha kidogo tu, chini ya baa moja (baa ni kipimo cha presha), maana zege la mita 10 kwenda juu linalemea kama baa 2.4. Kazi yako ni ya kawaida na pampu ya kawaida inaiweza. Lakini unaona hosi ya mita 6 imekula mita 18? Akija na hosi ya mita 3 na kuongeza bomba moja la chuma, ameokoa nguvu bila gharama. Na kona, tembeeni pamoja na kamba kabla ya siku ya kazi. Mara nyingi kona ya tatu inaondoka kwa kupitisha bomba upande wa jiko badala ya upande wa kisima. Zinazobaki ziwe za mzunguko mpana. Zile fupi zilizokunjwa kama kiwiko cha bomba la maji zikatae.

Mama, kuna jambo wenye nyumba hawaambiwi. Bomba moja la mita 3 la milimita 100 likijaa zege lina uzito wa karibu kilo 90, na kila pistoni za pampu zinapobadilishana, bomba zima linaruka mbele na nyuma. Usikubali lifungwe kwenye mirunda inayoshikilia fomu ya slabu yako. Linapopanda lijengewe jukwaa lake. Juu ya slabu lilazwe juu ya mbao au matairi ya zamani, lisikae juu ya nondo, maana litazisogeza kutoka mahali mhandisi alipozipanga.

Mwaga alfajiri. Ukimwaga Januari saa saba mchana, bomba la chuma lililolala juani linapika zege likiwa ndani. Tandika magunia yaliyolowa juu yake njia nzima, mtoto mmoja mwenye ndoo ayamwagie. Na ukimsikia mtu anaita "tia maji" kwenye lori, simama mbele ya hopa. Zege la maji mengi haliponi kukaba, linatengana: uji unatangulia na kokoto zinabaki njiani, na slabu yako inakuwa dhaifu juu yake. Ulainifu uagizwe kiwandani kabla lori halijaondoka.

Swali: Bomba la plastiki je?

*Mimi ni fundi bomba wa Tabata. Rafiki yangu mwenye pampu ananiomba nimtengenezee redyusa kwa fitingi za plastiki za majitaka, nizijengee zege kwa nje ziwe imara. Inawezekana?*

Haiwezekani, ndugu yangu, na nakusihi usipokee fedha hiyo. Bomba la plastiki la maji lililoandikwa PN 10 limetengenezewa baa 10. La majitaka halikutengenezewa presha kabisa. Pampu ya zege ya kukokota, bomba likikaba, inaweza kusukuma kwa baa 70 na zaidi, angalia kibati chake. Zege la kujengea nje litapasuka pamoja na plastiki, na kila kipande kitakuwa risasi. Hata bomba la chuma la maji, lile la kuchongwa uzi, halifai: uzi unakula unene wa ukuta, na mahali pa kuungana panabaki ngazi ndani inayodaka kokoto.

Swali: Klampu hazifungi mpaka nyundo

*Shikamoo baba. Ni saidia fundi, natoka Mbagala. Kazi yangu ni kufunga na kufungua klampu za bomba la zege la milimita 100. Nyingine hazifungi mpaka nizipige nyundo, na zikifunga zinavuja maji ya saruji. Raba za ndani ya klampu zimeisha, tunaambiwa tuzungushie karatasi ya mfuko wa saruji. Zege likikaba natumwa mimi kufungua. Naogopa lakini sina kazi nyingine. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja.

Nianze na kuvuja. Kinachotoka pale si maji, ni ule uji unaolainisha zege. Klampu inayovuja inanyonya kilainishi kutoka kwenye gogo linalopita, na kokoto zinazobaki mbele ya klampu hiyo zinakauka na kushikana. Kwa hiyo anayekunyima raba ndiye anayekaba bomba, halafu anakutuma wewe. Mwambie msimamizi hivyo hivyo kwa upole: raba ni rahisi kuliko saa moja ya lori la mixa lililosimama. Karatasi ya saruji inalowa kabla pistoni haijaenda mara kumi.

Klampu inayotaka nyundo ina sababu mbili. Ya kwanza ni uchafu. Zege la jana limeganda kwenye mfereji wa klampu au kwenye mdomo wa bomba, na raba haikai. Kila jioni kwangua kwa bisibisi na brashi ya waya, osha, na asubuhi paka raba maji ya sabuni. Usipake grisi wala oili chafu, zinavimbisha raba na kuiharibu. Ikiwa safi na raba nzima, klampu ya wenzo inafunga kwa nguvu ya mkono mmoja na uzito wa mwili, na pini inaingia yenyewe.

Ya pili ni mbaya zaidi: midomo haifanani. Mabomba ya zege yana midomo ya aina kuu mbili. Kuna yenye mkanda wa chuma uliotuna, umechomelewa kuzunguka mdomo, na kuna iliyochongwa mfereji kwenye ukuta wa bomba lenyewe. Ya mkanda inavumilia presha kubwa. Ya mfereji imekata unene wa bomba pale pale inaposhikwa, kwa hiyo ni ya kazi nyepesi. Hata zile za mkanda, watengenezaji hutofautiana kwa milimita chache, na kwa macho huoni. Bomba lililotoka nchi moja na kona iliyotoka nyingine zitakubali klampu moja ukizipiga nyundo, lakini klampu itakuwa imeuma kwa ncha tu. Chukua chaki leo. Pima kila mdomo kwa kalipa na uandike alama: inayofanana alama moja. Utakuta redyusa ndiyo yenye mdomo wa kigeni, kwa sababu redyusa hununuliwa peke yake, baadaye. Hiyo ndiyo inayokutesa na nyundo.

Sasa la kufungua. Miaka ya nyuma, kwenye saiti moja ya Kinondoni, tulikuwa vijana wawili kwenye bomba. Zege likakaba. Mwendeshaji alizima pampu akashuka kunywa maji, hakupiga rivasi kulirudisha zege nyuma. Mwenzangu akainama juu ya klampu ya kona, akapiga wenzo. Sikusikia mlio mkubwa, ilikuwa kama mtu anafungua soda. Zege lililokuwa limebanwa ndani lilimpiga usoni. Jicho la kushoto halikurudi. Mkandarasi alilipa teksi ya kwenda hospitali na hatukumwona tena. Mimi nilikuwa nimeshika ncha nyingine ya bomba lile lile, na tangu siku hiyo sijawahi kumruhusu mtu aguse klampu kabla sijafanya haya kwa mkono wangu.

Mwendeshaji arudishe zege nyuma, mipigo miwili au mitatu ya rivasi, mpaka aone kwenye hopa kwamba limerudi na geji ya presha imeshuka. Kisha azime injini na atoe presha iliyobaki kwenye mfumo wa oili. Ufunguo wa pampu uwe mfukoni mwako wewe unayefungua, si mezani. Vaa miwani na glovu. Simama pembeni ya klampu, uso usiwe juu yake, na ulegeze kidogo kidogo. Ukisikia unafoka, acha na urudi nyuma, presha bado ipo. Na mlipolifungua bomba mmeliingiza hewa. Kwa hiyo pampu ikiwashwa tena, hosi ya mwisho isishikwe na mtu hata mmoja mpaka zege litoke mfululizo bila kukohoa. Hewa iliyobanwa ikifika mwisho inairusha hosi kama mkia wa kenge, na kama ncha yake ina chuma, inaua. Ndiyo maana ncha ya kumwagia haitakiwi kuwa na mdomo wa klampu.

Una haki pia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ndiyo iliyoanzisha mfuko wa kumlipa anayeumia kazini. Muulize msimamizi kama jina lako liko kwenye orodha ya wafanyakazi wa kampuni. Ukiwa unalipwa mkononi kila jioni bila kuandikwa popote, andika mwenyewe kwenye daftari tarehe, saiti na malipo, na mwenzako atie sahihi.

Nimeacha ofisini kwa mhariri raba sita za bomba la milimita 100, zimeandikwa "Kijana wa Mbagala". Ni za midomo ya mkanda. Kabla hujaja kuzichukua, angalia bomba lenu: kidole kikikuta tuta kabla ya mdomo, ni zako. Kikikuta mfereji, niandikie nikutafutie nyingine.